Pombe Isiyongoja

Wengi wakisikia Gitega hufikiria mji mkuu wa Burundi. Gitega ninayoisema mimi ni ya Kigali: sekta ndogo ya wilaya ya Nyarugenge, iliyokaa kwenye mteremko unaoshukia Kimisagara, si mbali na Biryogo na Nyamirambo. Nyumba zimebanana. Katika ua wetu tuko kaya kadhaa kwa bomba moja la maji, na kamba za kuanikia nguo hupita mbele ya mlango wa huyu zikaishia kwenye dirisha la yule. Mtu akikaanga kitunguu, ua mzima unajua. Mtu akichachusha mtama, mtaa mzima unajua.

Mimi huchachusha mtama. Natengeneza ikigage, pombe ya mtama ya Rwanda, chungu kimoja kwa wakati, na ninainywa. Siiuzi. Kwa ajili hiyo wanaonihukumu ni wengi: kaka yangu, mke wake, marafiki niliosoma nao, majirani wa ua, na watu wa kijijini ambao hupelekewa habari kwa simu kabla povu halijapanda. Naandika juu yao kwa sababu nawapenda, na kwa sababu wanaogopa kitu cha kweli, ila wanakitafuta mahali ambapo hakipo.

Nianze na chungu chenyewe, maana wengi wanaokisema hawajakitazama.

Mtama mwekundu, amasaka, huununua soko la Kimisagara. Naupepeta kwenye ungo hadi mapepe na vijiwe viishe, nauloweka usiku na mchana, kisha nautandaza juu ya gunia na kuufunika kwa majani ya mgomba. Siku ya pili punje zinapasuka vichwa. Siku ya tatu zimetoa mizizi myeupe iliyofumana, hata unaweza kuinua fungu zima kwa mkono mmoja. Utamu umezaliwa hapo: punje inapoota huanza kuvunja wanga wake ili ilishe mche, na mpikaji huikatiza kazi hiyo kwa jua. Kimea huanikwa siku mbili. Gitega hakuna pa kuanika ila palipo wazi, juu ya mkeka, kibarazani, mbele ya kila apitaye kwenda bombani. Kikikauka kinasagwa. Sehemu ya unga napika kwa maji juu ya makaa, nikiukoroga kwa mwiko mrefu mpaka bega liume. Naacha upoe hadi kidole kivumilie, ndipo nakoroga humo unga uliobaki.

Mpaka hapo ni ubushera, kinywaji kitamu cha watoto na wagonjwa, ndugu wa togwa wanayoijua Watanzania. Ukitiwa umusemburo, yaani chachu, unaanza safari nyingine. Bibi yangu, aliyekuwa akilima upande wa Huye, alitengeneza umusemburo wake kwa kimea na majani machungu ya umubirizi, akauhifadhi toka chungu hadi chungu. Nami nafanya hivyo hivyo. Nafunga mdomo wa chungu kwa kitambaa safi, na usiku ule ule kinachemka pasipo moto. Kesho yake asubuhi povu limefika ukingoni, lina harufu ya mkate na uchachu unaopanda puani. Tayari.

Pombe hii haikai. Siku ya kwanza ina utamu bado, siku ya pili imekolea, siku ya tatu imeelekea siki, na baada ya hapo ni ya kumwaga. Ndani yake chachu na bakteria wa uchachu wanafanya kazi pamoja, haichujwi ikatakata, haipashwi moto tena ili wadudu hao wafe. Bia ya kiwandani ni kitu kingine. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, kiwanda chake kikiwa Gisenyi, na Primus yake hukaa dukani miezi mtu asiiguse, isimdai mtu yeyote. Ikigage inadai watu, na inawadai leo.

Bibi alilijua hilo bila kulisema. Chungu chake kilikuwa na sababu kabla ya kuwa na mtama: wapo watu wanaokuja kusaidia kulima, kuna binti anaposwa, kuna msiba umefikisha siku zake. Siku hiyo alitoa chungu nje, akanywa funda la kwanza mbele ya wageni wote waone kwamba hakina sumu, ndipo mirija, imiheha, ikaingizwa. Kila aliyekunywa alionekana anakunywa kiasi gani. Aliyezidisha aliambiwa pale pale, na mtu mwenye haki ya kumwambia. Jioni chungu kilikuwa kitupu na kimeoshwa.

Taifa linaiheshimu pombe hiyo mpaka leo. Umuganura, sikukuu ya malimbuko, ilikuwa ibada kubwa ya ufalme wa Rwanda, na mtama ndio uliokuwa moyo wake. Wabelgiji waliikomesha mwaka 1925, wakamhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa kaida zake. Siku hizi ni sikukuu ya kitaifa, kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na vibuyu vya pombe ya mtama hutolewa mbele ya wakubwa na wadogo. Siku hiyo hata mke wa kaka yangu hupiga makofi.

Siku nyingine husema, si kwangu bali kwa wengine, kwamba mwanamke anayepika pombe hana nyumba. Maneno hayo hunifikia yakiwa yameongezewa chumvi na midomo mitatu. Kwetu mwanamke alikuwa ndiye mtengenezaji wa ikigage na sifa ya mkono wake ilivuka kilima, lakini kuonekana anakunywa ilikuwa jambo jingine. Alitarajiwa anywe ndani, nyuma, na wanawake wenzake. Mengi yamebadilika Kigali, ila jicho hilo halijafumba. Mwanamume akinywa watu huulizana amekunywa ngapi. Mwanamke akinywa watu huulizana yeye ni nani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona wanawake waliohitaji msaada wakaogopa kuutafuta, wasije wakajulikana kwamba wanakunywa.

Marafiki zangu wa shule wana hukumu ya namna nyingine. Wao wanakunywa. Hukutana kwenye kabare, yaani baa, siku ya Ijumaa, kila mmoja na chupa kubwa ya Primus ya sentilita 72, ya pili, mara nyingine ya tatu. Wananiambia: "Wewe umesoma, una kazi, vyungu vya nini? Hayo mambo ya kijijini yatakushusha." Watafiti wa Rwanda waliopima ikigage ya kienyeji walikuta wastani wa kilevi wa asilimia 2 na kidogo. Primus ina asilimia 5. Rafiki anayenihurumia kwa ajili ya chungu changu amekwisha kunizidi kabla hajamaliza chupa ya kwanza, na hakuna anayemtazama, kwa sababu chupa ina nembo na kabare ina viti.

Wapo pia wazee ambao sijiruhusu kubishana nao. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji wengi walikuwa wakinywa. Ushahidi wa walionusurika unalitaja hilo mara kwa mara, bia na urwagwa, pombe ya ndizi, pamoja na ng'ombe na vitu vilivyoporwa. Mtu aliyeyaona hayo akigeuza uso harufu ya uchachu inapompata, hana deni la kunieleza. Nikijua kuna mmoja wao karibu, chungu hukaa ndani na mlango unafungwa.

Na kaka yangu. Yeye ni mlokole. Siku ya chungu haingii kwangu. Husimama langoni, husema "Bwana Yesu asifiwe," huwaulizia watoto, kisha huniambia maneno yale yale: "Mdogo wangu, bado?" Nikimjibu kwamba bado, hutikisa kichwa akaondoka. Ni mtu mwema. Alinilipia karo ya sekondari. Lakini amekuwa akisimama pale langoni siku hizo zote, na hajawahi kujua ndani kuna nini.

Katazo lake lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya nchi hii. Misheni ya Waanglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ndiyo iliyokuwa chemchemi ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulitoka Gahini ukavuka Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole waliacha pombe, na wengi wao waliacha wakiwa wameona nyumba zilizovunjwa nayo. Siwezi kuwadharau kwa hilo. Waliacha jambo jingine pia, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: waliacha kusengenyana. Ndugu mwenye neno juu ya ndugu alikuwa amwendee, akae naye, amwambie usoni, naye aliyeambiwa aungame mbele ya wenzake. Waliita huko kutembea nuruni. Namkumbusha kaka yangu hilo kwa sababu ni lake, halikutoka kwangu.

Katika ua wetu aliyelifanya alikuwa Muislamu.

Ni mwanamke wa makamo, wa mlango wa pili kutoka kwangu, mzaliwa wa hapa, na Kiswahili chake ndicho kilichofundisha watoto wangu lugha hii. Watu wake wamekuwa Kigali tangu mji ulipoanza. Richard Kandt alipoweka makao yake hapa mwaka 1907, pamoja na utawala wa Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara Waislamu waliosema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah, ambao watu huuita msikiti wa kijani, ulijengwa mwaka 1913. Baadaye Wabelgiji waliwatenga mahali pao, Camp Swahili, na kwa miaka mingi wenye nchi waliwatazama kama wageni, watu wa biashara na mji, wasio na kilima. Nadhani jamii iliyowahi kuhukumiwa kwa kutazamwa toka mbali inajua thamani ya kusogea karibu.

Alisogea. Nilikuwa nimeanika kimea, akaja akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akaniambia: "Mama, sikufichi. Pombe kwangu ni haramu, na sitaki vyombo vyako vichanganyike na vyangu pale bombani. Nimekwambia wewe mwenyewe ili usisikie kwa mtu." Nikamshukuru, nikatenga ndoo zangu, na zimetengwa mpaka leo. Kisha akachukua punje ya kimea akaitafuna, akauliza ikiwa kinaweza kutumika kutengeneza togwa. Nikamwambia kila pombe ya mtama huwa togwa kwanza.

Tangu hapo, siku ninayopika, kabla sijatia umusemburo, mwanawe huja na jagi lao wenyewe. Naye huuliza kila mara: "Imelala?" Si swali la bure. Katika Sahihi Muslim imo habari, kutoka kwa Ibn Abbas, ya Mtume kunywa maji yaliyolowekewa zabibu hadi siku ya tatu, na yakizidi hapo yakamwagwa. Wanazuoni wameandika mengi kuhusu mpaka huo, wapi kinywaji kinakoma kuwa kinywaji na kuanza kuwa kileo, na jirani yangu anausimamia mpaka wake mlangoni kwangu kwa jagi na swali moja. Nami, kwa ajili yake, nimejifunza kujua saa ambayo ubushera unageuka.

Jioni moja, siku ya pili ya chungu, aliniuliza jambo ambalo kaka yangu, mke wake na marafiki wa Ijumaa hawajawahi kuniuliza. "Jana ulikunywa vikombe vingapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na leo?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwamba amesikia, tukaendelea na habari za watoto. Sikuhisi kuhukumiwa. Nilihisi kuna mtu anayehesabu pamoja nami. Huyo ni mtu ambaye kwake hata kikombe kimoja ni dhambi.

Sasa niseme kuhusu hofu yao, kwa sababu ina haki yake.

Sisi wenye vyungu tuna majibu matatu tunayoyapenda: ni utamaduni, ni chakula, ni asilia. Yote yana ukweli na hakuna linalojibu swali. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na halikutofautisha chungu na chupa. Januari 2023 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Utafiti wa kitaifa wa Rwanda kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba wanaokunywa wameongezeka kutoka asilimia 41.2 mwaka 2013 hadi asilimia 48.1 mwaka 2022. Mwaka 2023 serikali ilipanga saa za kufunga kabare na sehemu za starehe, na Wizara ya Afya ikaanzisha kampeni ya Tunywe Less kuwahimiza watu wapunguze.

Kuna pia hofu ya sumu. Mwishoni mwa mwaka 2020, Bugesera na hapa Kigali, watu walikufa baada ya kunywa kinywaji chenye methanoli. Ndugu aliyesikia habari hiyo akiona jerikani mlangoni kwangu, moyo wake unakwenda mbio, na nisimcheke. Nimweleze. Pombe iliyochachushwa tu kwa nafaka haifikii methanoli ya kuua mtu. Hatari hiyo hutoka kwenye kukeneka ovyo kama kanyanga, ambayo sheria inaikataza, au kwenye kuchanganya spiriti za viwandani ili kinywaji kiwe kikali na bei iwe rahisi. Sikeneki. Sitii sukari, sitii dawa wala hamira ya dukani kuiharakisha. Anayetaka kuhakikisha, chungu kipo, na funda la kwanza nanywa mimi, kama bibi.

Lakini hesabu inayonitia wasiwasi mimi ni nyingine. Chungu changu kinachukua lita 20. Kwa asilimia 2, humo mna mililita 400 za kileo halisi, sawa na chupa kubwa 11 za bia ya asilimia 5. Wakija watu 10 na kukaa alasiri nzima, kila mmoja amekunywa kiasi cha chupa moja na kidogo, polepole, na mazungumzo na viazi juu yake. Asipokuja mtu, ni chupa 11 za mtu mmoja, na ana siku mbili kabla haijawa siki.

Hapa ndipo ndugu zetu wanapokosea, na nasema kwa herufi zote: wakisusa, hawakipunguzi chungu. Wanaondoa vikombe vya wengine.

Nimeliona kwa jirani wa ua wa chini. Alikuwa mpikaji wa urwagwa, na mkono wake ulikuwa mzuri. Ndizi zake zilikuwa zikiiva ndani ya pipa lililofunikwa mablanketi kwa kuwa hakuwa na shimo la kuzivundikia, na alikamulia kwa nyasi za ishinge alizoletewa toka Rwamagana. Jumapili watu walijaa kwake. Kisha mtoto wake mkubwa akaoa katika familia isiyotumia kileo, na wakwe wakaona aibu. Dada zake waliacha kuja. Wazee wenzake, wasitake ugomvi, nao wakaacha. Hakuna aliyemwambia neno. Walimhurumia kwa kukaa mbali. Yeye aliendelea kupika kiasi kile kile, kwa sababu ndicho alichokijua. Mara ya kwanza alimwaga nusu. Kumwaga kunauma mtu aliyekamua kwa mikono yake. Mara iliyofuata hakumwaga. Mwaka haukuisha jerikani likahamia ndani, chini ya kitanda, na asubuhi mikono yake ikawa haishiki kikombe mpaka apate cha kwanza. Walipokuja wale dada, walikuja kusema, "Tulijua."

Alisaidiwa. Kijana wake alimpeleka kituo cha afya na kutoka hapo akatumwa Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili, jina ambalo mitaani kwetu watu hulitumia kama tusi na ambalo kwa familia nyingi limekuwa wokovu. Huko walimpunguzia kwa dawa na uangalizi. Mtu aliyefikia kutetemeka hakatazwi ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege na kufa. Hilo kila mwenye ndugu mlevi alijue kabla hajamfungia mlango kwa nia njema. Sasa hanywi kabisa, na kwa hali yake ndivyo inavyompasa. Simtumii kama hoja ya kutetea vyungu. Nasema kwamba alipokunywa na watu 20 alikuwa mtu mzima wa heshima mwenye pombe, na alipobaki peke yake hakuna aliyekuwapo kuona siku alipovuka.

Kuna kundi jingine la wahukumu ambalo halitajwi kwa sababu hukumu yao ni tamu. Hao ni wanaosifu. "Mkono wako hauna mfano. Ongeza. Mbona chungu kimoja? Wewe mchoyo." Waswahili walimwona mtu huyo zamani, kule pwani kwenye minazi, wakasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naona analitia na maisha yake. Anayesifu haulizi ulikunywa vingapi jana, maana jibu lako linaweza kumharibia jioni yake. Kaka yangu asimamaye langoni angalau ana huzuni kwa ajili yangu. Anayesifu ana kiu tu. Nimewapunguza watu hao mmoja mmoja, na hilo liliniumiza kuliko maneno yote ya mke wa kaka yangu, kwa kuwa wao walikuwa wanaingia ndani.

Siku hizi napika pale ambapo kuna sababu na watu wamekwisha kusema watakuja. Wakiwa wachache natumia chungu kidogo cha lita 5. Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wa isibo letu, kaya chache za jirani, wakiwa bado na majembe, huwa na nafasi ya kuketi. Hapo ndipo panapofaa. Ubushera hutangulia, kwa watoto, kwa Waislamu, kwa walokole, kwa aliyeacha. Kisha chungu hutoka nje. Kikibaki kitu usiku, namwaga siku hiyo hiyo bila kusubiri kesho inishawishi.

Nasikia mtu akisema kwamba ingekuwa rahisi kuacha kabisa. Kwa wengine ni hivyo, na mtu akiamua hivyo apewe mkono wa pongezi na jagi la ubushera, asibembelezwe na mtu. Mimi sijaamua hivyo. Nina kazi ya bibi mikononi, na nina imani kwamba inaweza kufanywa mbele ya watu kwa adabu. Nikishindwa, nataka kuambiwa na mtu anayejua nilikunywa kiasi gani.

Kwa hiyo namwomba kaka yangu, na kila msomaji mwenye ndugu au rafiki anayepika pombe nyumbani: usimhukumu kwa moshi na harufu, wala usimpelekee salamu za aibu kwa simu. Nenda siku ya kwanza, ubushera ukiwa bado ubushera. Ingia, keti. Kama hunywi, sema hunywi, naye akuheshimu. Kisha muulize jana alikunywa kiasi gani, na nani alikuwapo. Akikujibu kwamba hakukuwapo mtu, rudi kesho.